Soriasisi si barasi wala si ukoma: Tusivunje ndoa na safu za swala kwa ugonjwa usioambukiza



 Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumzie ugonjwa wa ngozi ambao huku kwetu Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita unawatoa watu misikitini na kuwarudisha wake za watu kwa wazazi wao, ilhali hauambukizi hata kidogo.

Mwanamke mmoja aliletwa kwangu na kaka yake kutoka kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike. Viwiko vyake, magoti na ngozi ya kichwa chini ya mtandio vilikuwa na mabaka mazito yenye magamba meupe mithili ya magamba ya samaki. Kaka mtu hakuja kutafuta dawa, alikuja kutafuta karatasi. "Dokta," aliniambia, "shemeji anasema dada ana barasi, na majirani wanasema ni ukoma. Amemrudisha nyumbani na anasema sheria inamruhusu kufasikhi ndoa. Tuandikie kama ni kweli au si kweli."

Nilifungua daftari lake la matibabu. Miezi mitatu nyuma palikuwa pameandikwa: fangasi sugu, apake krimu ya fangasi. Mwandiko ule ulikuwa wangu. Siku ile wagonjwa walikuwa wengi, sikumwomba muuguzi wa kike amtazame kichwani, wala sikuziangalia kucha zake. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani kuwa namlaumu mume na majirani peke yao. Ujinga juu ya ugonjwa huu umo pia ndani ya vyumba vyetu vya matibabu.

Ni ugonjwa gani?

Ugonjwa wenyewe unaitwa soriasisi. Wengi wanauita pumu ya ngozi, lakini jina hilo linachanganya, kwa sababu hutumika pia kwa ukurutu, ambao ni ugonjwa mwingine. Dalili zake ni mabaka mazito yenye mipaka inayoonekana wazi, yaliyofunikwa na magamba meupe au ya rangi ya fedha. Hupenda kukaa kwenye viwiko, magoti, kiuno na kichwani. Vitabu vingi vya Ulaya vinasema baka huwa jekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi si hivyo; mara nyingi huonekana la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokoza, na hii ni sababu mojawapo ya sisi matabibu kukosea. Kucha nazo zinaweza kuwa na vishimo vidogo kama vya kastabini ya fundi cherehani. Baadhi ya wagonjwa huvimba na kuumwa viungo, na wasipotibiwa mapema vidole vinaweza kupinda moja kwa moja.

Kuchanganya soriasisi na ukoma si kosa la Wasukuma wala la Waswahili peke yao. Ulaya nayo iliyachanganya magonjwa haya mawili kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1841 daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatenganisha. Miaka zaidi ya 180 imepita tangu hapo. Hatuna tena udhuru.

Walinzi wanapovamia nyumba yao wenyewe

Ili tuelewe kwa nini soriasisi haiambukizi, hatuna budi kujua kinachotokea ndani ya ngozi. Allah (S.W.) ameuwekea mwili askari wake, ambao ni seli nyeupe za damu. Miongoni mwao zimo seli ziitwazo seli T. Kazi yao ni kuzunguka mwilini na kupambana na vijidudu.

Sisi wa Kahama na Shinyanga tunawajua sungusungu, walioanzia huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Yowe likipigwa, au mwano kama wasemavyo Wasukuma, wanakijiji wanatoka na silaha zao kuelekea lilikotoka. Sasa fikiria yowe limepigwa usiku na mwizi hakuna. Sungusungu wanafika, wanavunja mlango, wanawapiga wenye nyumba. Wenye nyumba nao wanapiga kelele, na kelele zile zinawaita sungusungu wa kijiji cha pili. Hiyo ndiyo soriasisi.

Safari ya askari hawa ina hatua zake. Kwanza, ndani ya ngozi kuna seli za upelelezi. Hizi huchukua habari na kuzipeleka kwenye matezi, yale ya kwapani, shingoni na kinenani. Huko seli T hufundishwa, na zile zinazoandaliwa kwa ajili ya ngozi huwekewa alama juu ya ganda lao, mithili ya kitambulisho, ili zijue pa kwenda.

Pili, huingia katika damu. Damu huenda kwa kasi, na seli isingeweza kujishukia tu popote. Lakini mishipa midogo ya ngozi iliyowaka hupanuka na kutoa protini zinazofanya kazi kama kulabu. Seli T yenye kitambulisho cha ngozi hunasa kwenye kulabu hizo, hubingirika polepole juu ya ukuta wa mshipa, husimama, kisha hujibana na kupenya katikati ya seli za ukuta huo hadi nje.

Tatu, hufuata kemikali zinazoitwa kemokini. Ngozi yenye soriasisi hutoa kemokini kwa wingi, na seli T huelekea pale zilipo nyingi zaidi, kama sisimizi anavyoifuata sukari. Nyingine huishia katika tabaka la chini la ngozi, nyingine hupanda hadi tabaka la juu.

Nne, zikishafika hutoa kemikali zao za vita. Iliyo maarufu zaidi katika ugonjwa huu huitwa interlukini 17, na nyingine, interlukini 23, ndiyo inayozichochea seli hizo ziendelee kupigana. Seli za ngozi zikipata amri hiyo huzaliana mbio mbio. Kwa kawaida seli ya ngozi huchukua takriban mwezi mmoja kutoka chini hadi kudondoka juu. Katika soriasisi safari hiyo huisha kwa siku chache tu. Seli zinafika juu hazijakomaa, zinarundikana, na hayo ndiyo magamba tunayoyaona. Na ngozi yenyewe, kwa kuumizwa, hutoa kemokini zaidi na kuita askari wengine. Mzunguko haukatiki.

Baka linapopona, baadhi ya seli T hazirudi zilikotoka. Hubaki pale pale ndani ya ngozi miezi na miaka, kama sungusungu waliopiga kambi uani. Ndiyo maana ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi mahali pale pale, na watu husema "karogwa tena".

Tumejuaje kuwa chanzo ni askari wa mwili? Mwaka 1979 madaktari waliripoti kuwa wagonjwa waliopewa dawa iitwayo siklosporini, ambayo huzituliza seli T, waliona mabaka yao ya soriasisi yakififia. Dawa hiyo haikuwa ya ngozi. Tangu hapo utafiti umezidi kuthibitisha jambo hilo, na dawa mpya za sindano zinazozuia interlukini 17 na 23 zimewasafisha ngozi wagonjwa wengi katika nchi zenye uwezo.

Basi iko wapi njia ya kuambukiza? Hakuna kijidudu cha kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Seli T za mtu haziruki kwenye mkeka, hazikai kwenye kopo la udhu wala kwenye sahani ya pilau. Kinachoweza kupita ni urithi, kwani ugonjwa huu hufuata koo, lakini hata hivyo si kila mtoto wa mgonjwa huugua. Mwenye urithi huo anaweza kuamshiwa ugonjwa na mafindofindo ya koo, jeraha, msongo wa mawazo, baadhi ya dawa, sigara na pombe. Hapa vijana wetu wa machimboni wasikie: pombe, mbali na uharamu wake, huuzidisha ugonjwa huu na kudhoofisha matibabu yake. Virusi vya UKIMWI pia vinaweza kuuamsha au kuukoleza. Si kwamba kila mwenye soriasisi ana VVU, hapana; lakini ugonjwa ukianza ghafla na kwa ukali, kupima ni jambo la hekima.

Suala la ndoa

Sasa turudi kwa yule dada. Sisi tuliosoma madrasa tunajua kuwa vitabu vya fikihi ya Kishafi, kikiwemo Matn Abi Shujaa, vinataja barasi na ukoma miongoni mwa aibu zinazoweza kumpa mwanandoa hiari ya kufasikhi ndoa. Mimi si mufti, na hukumu za fikihi nawaachia masheikh wetu. Lakini kabla ya hukumu kuna swali la kitabibu: je, alichonacho mtu huyu ndicho kilichotajwa kitabuni?

Barasi ni ngozi kupoteza rangi. Baka lake ni jeupe, laini, halina magamba na halijavimba. Ukoma huletwa na bakteria, ambaye daktari Hansen wa Norwei alimgundua mwaka 1873. Baka la ukoma mara nyingi hufa ganzi, ukiligusa kwa pamba mgonjwa hahisi. Soriasisi ina magamba, ni nene, huwasha, na mgonjwa anahisi kila unapomgusa. Ni magonjwa matatu tofauti. Kuchukua hukumu ya kimoja na kuivisha kingine kwa kuwa vyote viko kwenye ngozi ni kudhulumu, na Allah (S.W.) ametukataza dhulma.

Wapo watakaosema: "Tahadhari ni bora, kwani Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha na mwenye ukoma." Ni kweli, mafundisho hayo yapo. Lakini kwanza, huu si ukoma. Pili, hata mwenye ukoma wa leo anapata dawa bure, na akishaanza kuzitumia huacha kuambukiza baada ya muda mfupi. Tatu, tahadhari isiyo na msingi ina gharama yake, na anayeilipa si yule anayetahadhari. Anayeilipa ni mzee aliyeacha kuhudhuria Ijumaa kwa sababu jirani yake katika safu alivuta kanzu pembeni. Ni binti anayekataa kuvua soksi chooni shuleni. Qur'an katika Suratul Hujurat imetukataza kudharauliana, na haikutoa ruhusa kwa ajili ya magamba.

Na mikoa yetu ina sababu ya ziada ya kuwa macho. Kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa, ikiwemo Shinyanga na eneo ambalo tangu 2012 ni Mkoa wa Geita, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Tunajua kwa damu mahali panapoishia tabia ya kuwahukumu watu kwa ngozi zao.

Sabuni za zebaki na krimu kali

Kwa kuwa wengi wanadhani soriasisi ni uchafu au damu mbaya, tiba yao ni kuusugua. Mgonjwa anasuguliwa kwa jiwe, dodoki na sabuni kali. Hili ni kosa kubwa. Mwaka 1872 daktari Heinrich Köbner alieleza kuwa ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, baka jipya huota palepale kwenye jeraha. Kumsugua mgonjwa ni kupiga yowe jingine. Vivyo hivyo mchimbaji anayetambaa kwenye mashimo kwa magoti na viwiko asishangae kuona mabaka yakizidi hapo. Avae nguo nzito za kumkinga.

Wengine hukimbilia sabuni na krimu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi zina zebaki. Watu wa Geita wanaijua zebaki kwenye kukamatia dhahabu, na wanajua madhara yake kwa figo na mishipa ya fahamu. Zebaki ile ile ikipakwa mwilini hupenya. Serikali imepiga marufuku vipodozi vya zebaki, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini hivi vitu bado vinafika gulioni.

Hatari ya tatu ni krimu kali za steroidi zinazonunuliwa bila cheti. Ndani ya siku chache baka hulainika, mgonjwa anafurahi, anaendelea kupaka mwili mzima miezi mingi. Ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika, na siku akiacha ghafla ugonjwa unarudi kwa kishindo. Mbaya zaidi ni vidonge na sindano za steroidi: zikikatishwa, mwili mzima unaweza kuwaka au kujaa vipele vya usaha, na hapo maisha yenyewe yako hatarini. Matabibu wenzangu, tujizuie kuandika dawa hizi kwa soriasisi ili tu mgonjwa aondoke ameridhika.

Matibabu sahihi, na ibada

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu, na ametufundisha kuwa Allah hakuleta ugonjwa bila kuuletea dawa. Soriasisi kwa sasa haina dawa ya kuimaliza kabisa, lakini inatulizwa vizuri. Kwa wengi huanza na mafuta mazito ya mgando kila siku, marhamu ya asidi ya salisiliki ya kulainisha magamba, na krimu ya steroidi kwa kipimo na muda alioupanga tabibu. Jua la asubuhi la dakika chache huwasaidia wengi, kwa sababu mwanga huo huzituliza seli T, ila lisiachwe likaunguza. Kwa ugonjwa mkali ipo metotreksati. Hii hunywewa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kukosea hapo kunaweza kuua. Hunywewa chini ya daktari na kwa vipimo vya damu na ini, na haifai abadani kwa mama mjamzito au anayetarajia kupata mimba.

Kuhusu udhu, maji ya kawaida hayadhuru. Usitumie maji ya moto sana, usisugue, na ukimaliza paka mafuta ngozi ingali na unyevu. Sijida juu ya sakafu ngumu inaumiza magoti, basi tandika mkeka mzito. Ngozi ikipasuka na maji yakawa yanadhuru, muulize sheikh wako juu ya kutayamamu; dini yetu ni nyepesi. Juu ya funga, utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2019 uliona wagonjwa waliofunga Ramadhani wakipata nafuu kiasi. Ni habari njema lakini ni utafiti mmoja, haumruhusu mtu kutupa dawa.

Nini kifanyike?

Uchunguzi wa vijijini hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta soriasisi kwa chini ya mtu mmoja katika kila elfu. Ni wachache, na uchache huo ndio unaowaponza, kwani hakuna anayewasemea. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliutambua ugonjwa huu kwa azimio maalumu, na mwezi Mei 2025 ukapitisha azimio jingine kuhusu magonjwa ya ngozi kwa ujumla. Maazimio hayo hayatafika Katoro wala Masumbwe kwa miguu yake.

Kwa maoni yangu mambo matatu yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, maimamu wautaje ugonjwa huu kwa jina katika khutba, na wampe mkono mwenye nao mbele ya watu. Kitendo hicho kitafanya kazi kuliko makala yangu kumi. Pili, masheikh wanaosuluhisha ndoa wasipokee neno "barasi" au "ukoma" kutoka kwa mume, mke au jirani mpaka mgonjwa apimwe na mjuzi. Tatu, halmashauri zetu ziwasomeshe matabibu wa ngozi. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kipo KCMC Moshi tangu 1992, na kazi yake ni kuwafundisha watu wa kada yangu kutoka nchi nyingi za Afrika. Wilaya yenye mgodi wa dhahabu haikosi ada ya mtu mmoja. Na kwa mgonjwa ambaye tabibu wa karibu ameshindwa kumtambua, aombe rufaa, Bugando si mbali.

Yule dada nilimwandikia kaka yake barua: ugonjwa huu ni soriasisi, si barasi, si ukoma, hauambukizi. Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi leo, na dawa akaanza. Baada ya wiki sita mabaka ya mikononi yalikuwa yamelala. Lakini barua ilichelewa. Talaka ilikuwa imeshatoka. Miezi mitatu ile, tangu siku nilipoandika "fangasi sugu" bila kuangalia, ndiyo iliyomtosha mume kuamini maneno ya majirani.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mwenye magamba yasiyokwisha, usingoje barua. Mpeleke akaonekane wiki hii, na kabla hamjaondoka, kula naye sahani moja.